Mradi Una Mwisho, Ada ya Shule Haina

Mkataba wa mtu wa miradi husomwa kuanzia chini. Huko chini ndiko iliko tarehe ya kumaliza, na tarehe hiyo huwa karibu kuliko tunavyoikumbuka, kwa sababu siku ya kusaini macho yote yalikuwa kwenye mshahara. Mimi nimefanya kazi za miradi ya afya huku Nyanda za Juu Kusini tangu nitoke chuo, kitengo cha ufuatiliaji na tathmini. Sisi ndio tunaohesabu: wangapi wamepima, wangapi wameanza dawa, wangapi wameacha kuja kliniki na hawajulikani walipo. Tunaweza kukuchorea mwenendo wa kata moja ya Ludewa kwa miaka minne mfululizo. Lakini tuulize wenyewe tutakuwa wapi mradi ukifungwa: tunacheka, tunasema Mungu atajalia, tunahamisha mazungumzo.

Si kwamba hatujui. Tunajua sana, ila kulisema kuna uchuro. Simama kwenye kikao uulize, "Jamani, baada ya Septemba inakuwaje?" uone wenzio watakavyokutazama. Kuna atakayekuambia waziwazi usituchurie. Basi jambo linalohusu ugali wa watu wote ofisini linaachiwa bosi aliyeko Dar es Salaam, naye analiachia mfadhili, na mfadhili yuko Washington na hata jina lako halijui.

Wadogo zangu kazini wananiuliza mara kwa mara waanze lini kutafuta kazi nyingine. Jibu langu huwa haliwafurahishi: anza wiki ileile uliyoajiriwa. Sisemi utume maombi kila kona huku kazi ya watu imelala. Nasema kwamba vitu vitakavyokupa kazi ijayo vinapatikana ukiwa ndani ya kazi hii, na ukishatoka getini huvipati tena, au unavipata kwa kubembeleza.

Wengi wetu tulifundishwa hilo kwa nguvu mwanzoni mwa 2025. Jumatatu ya Januari 20 Donald Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Tulisoma kwenye simu, tukasema hizo siasa zao. Ijumaa ya tarehe 24 ikatoka amri nyingine kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani: kazi zisimame. Jumatatu iliyofuata, katika ofisi niliyokuwapo, magari ya mradi yalikuwa yamepangwa uani kama yanauzwa, funguo ziko kwa afisa utawala, na WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowasaidia wenzao, waliozoea kupanda pikipiki asubuhi kwenda vijijini wamekaa kwenye ngazi wakingoja mtu awaambie neno. Baadaye ikaja ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, dawa za VVU zikiwamo. Ruhusa ile haikututaja sote. Mwishoni mwa Februari mikataba ikaanza kufutwa kwa maelfu duniani kote. Machi 10 Waziri Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimekatwa, na Julai 1 shirika lenyewe, lililokuwapo tangu 1961, likaacha rasmi kutekeleza misaada. Mwezi huohuo wa Februari Uingereza nayo ilikuwa imetangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, kwa hiyo hata yule aliyesema "nitahamia kwa Waingereza" alikuwa anakimbilia mlango unaofungwa.

Kwa mkoa kama Njombe pigo hilo halikuishia ofisini. Utafiti wa VVU wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na VVU, wakati kwa taifa zima ni asilimia 4.4. Palipo na takwimu za namna hiyo miradi hujazana, na miradi ikijazana kunakuwa na nyumba za kupanga, migahawa, bodaboda na shule za binafsi zinazosubiri mshahara wa watu wa miradi. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulianza 2003. Kuna watu waliingia humo vijana kabisa, wakahama mradi hadi mradi, jina la shirika likibadilika na meza ikibaki ileile, mpaka wakaamini kwamba ile ni ajira ya kudumu.

Mshahara ulikatika, lakini kabla ya mshahara ilikatika barua pepe. Akaunti za ofisi zilifungwa, na humo ndimo zilimokuwa tathmini za utendaji, barua za pongezi kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya, namba za watu, ripoti ambazo mtu aliziandika usiku wa manane. Laptopu zikarudishwa, na ni haki, zilikuwa mali ya mradi. Nilimwona mtu mwenye miaka mingi ya kazi nzuri akitoka na kitambulisho cha shingoni na fulana mbili za Siku ya UKIMWI Duniani. Kazi aliifanya. Cha kumwonyesha mtu mwingine hakuwa nacho.

Aliyekuwa amejipanga kuliko wote ofisini kwetu alikuwa dereva.

Tulimwita Mjomba. Mwaka mmoja likizo yake yote aliitumia kwenda Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kusoma kozi ya udereva wa magari ya abiria. Tulimcheka kidogo: una Land Cruiser ya mradi, kiyoyozi kinafanya kazi, basi la abiria la nini? Yeye alikuwa anataka daraja C kwenye leseni, na njia ya kulipata inapita kwenye kozi ile. Mbali na kitabu cha safari cha ofisi, alikuwa na kaunta buku lake mwenyewe chini ya kiti. Kila mwisho wa mwezi aliandika humo kilomita alizoendesha, barabara alizopita, matengenezo aliyoyasimamia, na mstari wa mwisho, ambao kwa miaka yote ulikuwa uleule: ajali hakuna. Kiongozi yeyote akihamishwa, Mjomba alikuwa wa kwanza kugonga mlango wake, kabla hata keki ya kumuaga haijakatwa. "Bosi, kabla hujaondoka naomba barua." Siku moja tumekwama njia ya Lupembe, tunasubiri mvua ipungue, nikamuuliza anahangaika nini na makaratasi yote hayo. Akanijibu, "Afisa, sitaki siku moja niulizwe swali halafu niwe sina karatasi yake."

Ofisi ilipofungwa, sisi wenye shahada tulianza kuandika CV upya huku tukibahatisha miaka. Mjomba alikuwa na bahasha. Kabla ya Pasaka alikuwa anaendesha basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, na mwenyewe anasema mwenye mabasi aliitazama leseni mara moja akaiweka pembeni, kisha akakaa na lile kaunta buku kurasa kwa kurasa.

Nimelifikiria sana lile buku. Ushauri wa kazi tunaopewa kwenye semina huwa unaanza na malengo: chora ndoto yako, jione ulipo baada ya miaka mitano. Mimi sijawahi kukutana na mtu wa miradi ambaye miaka yake mitano ilikwenda alivyoichora, na swali hilo la miaka mitano naliona ni la kujibiwa kwenye usaili tu, ujibu vizuri na upite. Mjomba hakuwa na ndoto ya basi. Alikuwa na kumbukumbu za kazi aliyokuwa anaifanya, na alijua mlango mmoja uliokuwa karibu naye unataka ufunguo gani.

Kwa mtu wa takwimu kaunta buku lina sura nyingine. Langu ni faili moja kwenye kompyuta yangu binafsi, nalijaza ripoti ya robo mwaka ikishatumwa, wakati namba bado ziko kichwani na hasira ya kukesha haijaisha. Naandika nilikuta nini, nilibadilisha nini, matokeo yakawa nini, na nani aliona kwa macho yake. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Tazama tofauti: mmoja anaandika kwenye CV "nilihusika na ukusanyaji wa takwimu za vituo vya afya". Mwingine anaandika kwamba kati ya vituo 42 alivyokabidhiwa, 19 vilikuwa vinachelewesha ripoti ya mwezi. Akakaa na wahudumu, akagundua kwamba wengi hawakuwa wavivu bali rejesta mbili zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa namna mbili. Utaratibu ukarekebishwa, wacheleweshaji wakabaki 4. Wote wawili walifanya kazi ileile. Wa pili ataitwa usaili, na akiitwa atakuwa na hadithi ya kusimulia pale watakaposema "tueleze changamoto uliyoitatua". Na mwaka ukipita bila kuandika, huyo wa pili anageuka wa kwanza, kwa sababu 19 na 4 hakuna anayezikumbuka.

Kuna mpaka hapa, na niuseme bila kuzunguka. Takwimu za wagonjwa si zako. Jina la mtu, namba yake ya kliniki, orodha yoyote iliyotoka kwenye CTC2, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki za VVU, hivyo havitoki ofisini kwenda kwenye flashi yako hata kama wewe ndiye uliyeviingiza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mbali na sheria kuna aibu. Unachobeba ni maelezo ya kazi yako: jumla, asilimia, mbinu. Ripoti iliyokwishachapishwa na kusambazwa, chukua nakala. Nyingine omba ruhusa kwa maandishi ungali mfanyakazi, mtu akujibu ndiyo au hapana.

Na kwa kuwa nimeitaja sheria hiyo: imeleta kazi. Taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wa kusimamia ulinzi wa taarifa hizo. Hospitali, shule, kampuni za mikopo, wote. Sasa jiulize nani amezoea kutunza siri ya taarifa nyeti kuliko mtu aliyekaa miaka na takwimu za VVU, akijua kwamba jina moja likivuja kijijini nyumba inavunjika. Nilipomwambia mwenzangu mmoja jambo hili akasema hana shahada ya sheria. Hakuna aliyemwambia aende kushinda kesi. Hata mimi sikuliona mapema. Nililiona pale nilipoanza kusoma sheria mpya kama vile wengine wanavyosoma matangazo ya kazi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipitishwa mwaka 2023. Bima maana yake ni madai, na madai maana yake ni watu wa kuyakagua, kuyachambua na kukamata yaliyopikwa. Tangazo la kazi huja nyuma sana ya sheria. Anayesubiri tangazo anapanga foleni na mamia ya wenzake.

Shida yetu kubwa ni lugha. Nje ya miradi hakuna anayejua 95-95-95 ni kitu gani, yaani lengo kwamba asilimia 95 ya wenye VVU wajue hali yao, asilimia 95 ya hao wawe kwenye dawa, na asilimia 95 ya walio kwenye dawa virusi vyao vifubazwe. Mwandikie meneja wa benki kwamba ulifikisha asilimia 95 ya pili na atakutumia jibu la heshima la kukutakia kila la heri. Lakini mwambie kwamba kazi yako ilikuwa kujua, kila wiki, ni wateja gani wameacha kuja, kwa nini wameacha, na nani akawatafute na kuwarudisha bila kuwatia aibu mbele ya majirani. Taasisi ya mikopo midogo inalala na kuamka na tatizo hilohilo. Kampuni ya umeme wa sola wa kulipia kidogo kidogo vilevile. Mimi nimewahi kuandika upya CV ya dada mmoja mshauri nasaha kwa kuondoa vifupisho tu. Tulikaa jioni nzima. Vikaisha, na ikaonekana alikuwa amesimamia watu wengi na fedha za posho nyingi, mambo ambayo vifupisho vilikuwa vimeyafunika.

Kuna ujuzi ambao hauhitaji tafsiri, nao ndio wa kuuongezea nguvu kwanza. DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, inatumika kwenye mifumo ya taarifa za afya ya nchi nyingi, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwamo. Anayeijua kwa ndani, yaani si kujaza fomu tu bali kuitengeneza, ana soko linalovuka mpaka. Na akiongeza Kifaransa cha kuombea maji juu ya Kiswahili chake, bora zaidi. Excel sawa, lakini Excel kila mtu anaisema. Ukiweza kuuliza hifadhidata swali kwa SQL, sema, kisha uwe tayari kuonyeshwa kompyuta na kuambiwa "hebu".

Nije kwenye neno linalokera watu: koneksheni. Tunalisema kwa uchungu, kwamba kazi zote zina wenyewe. Upendeleo upo, sibishi, na nimewahi kukaa kwenye usaili ambao mshindi alikuwa anajulikana tangu chai ya asubuhi. Lakini nimekaa pia upande wa pili wa meza, na ninajua kinachotokea pale. Mtu anauliza, "Kuna yeyote anayemfahamu huyu?" Ukimya ukitawala, CV inasogezwa. Mmoja akisema, "Huyu tulifanya naye kazi Makete, ripoti yake huwa hairudishwi," mambo yanabadilika hapohapo. Hiyo ndiyo koneksheni inayoweza kujengwa na mtu asiye na shangazi wizarani: mtu aliyekuona ukifanya kazi. Afisa takwimu wa halmashauri unayemkera kila mwezi kwa simu, muuguzi mfawidhi, mkaguzi aliyekuja mara moja akakuta mafaili yamepangwa. Hao wote siku moja watakuwa kwenye meza fulani.

Na watu hatuwatafuti kwa shida tu. Unajua ile meseji: "Shikamoo kaka, za siku? Umenitupa," halafu kabla hujajibu inafuata CV. Sisi sote tumeipokea na sote tumekunja uso. Mimi nikiona tangazo linalomfaa mtu, namtumia, hata kama tuligombana kwenye bajeti. Nikisikia amehamishwa nampa pole au hongera kulingana na mkoa. Basi. Hakuna ufundi mkubwa zaidi ya huo. Wadhamini wa kwenye CV nawapigia kuwaomba kabla, naandika namba zao za mkononi siyo za ofisi, na nikiomba kazi nawaambia ni kazi gani, ili akipigiwa simu asianze kwa kusema "nani?"

Wanaotaka kuingia serikalini wana hesabu yao, na ni hesabu ya umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwenye Utumishi wa Umma husema mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko tayari serikalini. Mtu wa miradi anayejiambia "nikichoka nitarudi halmashauri" aangalie mwaka wake wa kuzaliwa leo. Halafu akague nyaraka. Hati ya matokeo haikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vihakikiwe na TCU (vyuo vikuu), NECTA (sekondari) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) kulingana na ngazi. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kidato cha nne, hata kama tofauti ni herufi moja ya Yohana na Yohanna, inatakiwa hati ya kiapo cha majina. Mambo hayo hayashughulikiwi ndani ya muda wa tangazo. Yanashughulikiwa mwezi ambao huna haraka, na mwezi huo unaonekana wa kipuuzi mpaka siku tangazo litoke.

Kalenda nayo ni ya kujifunza. Mwaka wa fedha wa Wamarekani unaanza Oktoba 1, wa serikali yetu Julai 1, na ruzuku za Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria hutembea kwa mizunguko ya miaka mitatu. Ukizijua hizo tatu unajua ni miezi gani ofisi zinaajiri, miezi gani zinafunga, na ni wakati gani bosi anayekuambia "tusubiri tuone" anajua asemalo au anasubiri kama wewe. Mimi ikifika Mei naanza kusikiliza. Ikifika Julai bila barua ya kuongezwa, maombi yanaanza kutoka, na wala sioni kwamba namsaliti mtu. Mwajiri aliyeandika tarehe ya mwisho kwenye mkataba ndiye aliyekupa ruhusa ya kujiandaa nayo.

Kwenye fedha nitapita haraka kwa sababu ukweli wake ni mfupi na mkavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku zisizopungua 28. Na aliyetimiza mwaka kazini, mwajiri akimwachisha bila kosa la nidhamu, analipwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa miaka mitano ni siku 35. Siku 35 hazilipi ada ya muhula mmoja na kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaitaka mkononi. Mdai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria na wengi wanaondoka bila hicho. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo ndizo watu wanazozimalizia kwenye huzuni. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake. Lakini kagua michango yako ungali kazini, maana kukatwa kwenye mshahara na kuwasilishwa kwenye mfuko ni mambo mawili. Na mkopo wa benki usivuke tarehe ya mkataba. Hata benki ikikubali, wewe kataa.

Lililochukua muda mrefu kwangu ni mazungumzo ya nyumbani. Mke wangu ana duka la dawa muhimu Makambako, linajiendesha, wateja wanamjua kwa jina. Kwa miaka mingi kupanga kazi kwetu kulikuwa mimi kutafuta na yeye kuambiwa tunahamia wapi, au mimi kwenda na yeye kubaki, na watoto kunizoea kama mgeni wa mwisho wa mwezi anayekuja na mkate. Baada ya 2025 tulikaa tukaandika kwa pamoja vitu ambavyo hatutavifanya tena, na orodha hiyo imenisaidia kuliko ile ya ninachokitaka. Kuna kiwango cha mshahara ambacho chini yake heri nisimamie duka la pili. Kuna umbali. Kazi ya kulala nje wiki mbili kwa mwezi, sawa. Kuhama peke yangu kwa mkataba wa miezi kumi na miwili, hapana, hata kama ni kazi ya kupandisha cheo. Tulipoandika hivyo niliona nusu ya matangazo niliyokuwa nakesha nayo yananiondokea, na usingizi ukarudi.

Mwezi uliopita lilitoka tangazo la Kibondo, mkoani Kigoma, afisa mwandamizi wa ufuatiliaji na tathmini, mshahara mzuri, mkataba wa mwaka. Sifa zote ninazo. Tulilisoma wote wawili kaunta ya dukani, mteja akisubiri dawa ya kikohozi, kisha tukampelekea jirani yetu ambaye hajaoa na mradi wake unaisha Septemba. Ameitwa usaili. Nimemwambia aende na kaunta buku.